"Moyoni Sikubaliani Nao": Udhuru Usiofaa Kitu



Ndugu wazazi, na vijana wetu wa Nyamirambo, Biryogo na popote mlipo,

Liko neno ambalo limezoeleka katika nyumba zetu. Watu wamekaa barazani, au wako arusini, au wamo katika kundi la WhatsApp la ukoo. Linatamkwa neno la dharau juu ya watu fulani kwa sababu ya asili yao. Wengine wanacheka. Mmoja wetu hapendi, lakini anacheka nao au ananyamaza. Akiulizwa baadaye anasema: "Mimi moyoni sikubaliani nao." Basi anaona ameshajivua.

Sisi tunasema hajajivua. Na leo hatutalisema kwa mawaidha peke yake. Tutalisema kwa yale ambayo wataalamu wa saikolojia na wachunguzi wa tabia za watu wameyaona, tena mengine wameyaona hapa hapa kwetu Rwanda.

Tumelazimika kuandika kwa sababu neno saikolojia siku hizi limekuwa la kila mtu, na kuna makundi mawili yanayolitumia vibaya. La kwanza linasema: maoni yangu ni yangu, nimeyapima kwa akili yangu, hakuna redio wala simu ya kunigeuza. La pili linasema: sayansi imekwisha thibitisha kuwa binadamu husukumwa tu na mazingira, basi asilaumiwe. Makundi yote mawili yamekosea, na makosa yao ni hatari kwa watoto wetu.

TUANZE NA HAO WA KWANZA

Mwaka 1951 mtaalamu mmoja wa Marekani, Solomon Asch, alichapisha jaribio jepesi kabisa. Watu walionyeshwa mistari, wakaulizwa upi una urefu sawa na mwingine. Ni swali ambalo mtoto wa madrasa analijibu. Lakini katika kila kikundi aliyejaribiwa alikuwa mmoja tu. Waliobaki walikuwa wamepangwa watoe jibu la uongo kwa sauti. Matokeo yake, takriban robo tatu ya waliojaribiwa walifuata uongo huo angalau mara moja. Wapo waliosema baadaye kuwa walijua kabisa jibu si sahihi, ila hawakutaka kuwa peke yao. Ikiwa mtu anaweza kuukana mstari anaouona kwa macho yake, hayo maoni yake juu ya jirani yatakuwa imara kiasi gani?

Mtu atasema, hayo ni ya Marekani. Haya, turudi nyumbani.

Redio RTLM ilianza kutangaza Julai 1993, na mwaka 1994 ikawa mdomo wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi. Mchumi David Yanagizawa-Drott alilinganisha maeneo yaliyopata mawimbi yake vizuri na yale ambayo milima iliyazuia. Katika utafiti aliouchapisha mwaka 2014 alikadiria kuwa takriban asilimia 10 ya ushiriki katika mauaji ilitokana na redio ile. Mtafiti mwingine, Scott Straus, aliyewahoji wafungwa 210 waliokiri makosa yao na kutoa kitabu mwaka 2006, anaona nguvu ya redio peke yake hukuzwa kupita kiasi. Wengi wa aliowahoji hawakumweleza habari ya chuki kubwa ya miaka mingi. Walimweleza habari ya hofu ya vita, na shinikizo la wenzao waliokuja kuwachukua: usipotoka nasi, wewe ni adui.

Wawili hawa wanatofautiana juu ya redio. Lakini hakuna kati yao anayemuonyesha mtu aliyekaa peke yake, akapima, akaamua kwa akili yake tupu. Wote wanatuonyesha mtu anayetazama kushoto na kulia kuona wengine wanafanya nini.

JARIBIO LA MUSEKEWEYA

Mwaka 2004 shirika la La Benevolencija lilianza kurusha hapa Rwanda mchezo wa redio uitwao Musekeweya, maana yake alfajiri mpya. Ni hadithi ya vijiji viwili vinavyogombana, na ya watu wanaothubutu kusema hapana. Wengi wetu tumeusikiliza. Mtafiti Elizabeth Levy Paluck alichukua vikundi vya wasikilizaji kwa muda wa mwaka mzima. Vingine vilisikiliza Musekeweya, vingine vilisikiliza mchezo mwingine wa mambo ya afya. Kisha akavilinganisha, na mwaka 2009 akachapisha alichokiona.

Alichokiona kiliwashangaza wengi. Musekeweya haukubadilisha sana imani za ndani za wasikilizaji. Kilichobadilika ni namna walivyoona jamii yao inakubali nini na inakataa nini: juu ya kuoana, kuaminiana, na kusema wazi mtu asipokubaliana na jambo. Na matendo yao yakabadilika pia. Mwisho wa utafiti kila kikundi kilipewa redio na kanda za mchezo wakigawane wenyewe. Katika vikundi vya mchezo wa afya, mara nyingi mtu wa kwanza alipendekeza akabidhiwe kiongozi wa mahali, wengine wakaitikia, mambo yakaisha. Katika vikundi vya Musekeweya watu walibishana, wakatoa rai tofauti, wakapanga wenyewe namna ya kuitumia kwa pamoja.

Hebu tulizingatie hili. Moyo ulibaki karibu vilevile, lakini mwenendo ulibadilika, kwa kuwa picha ya "wenzangu wanaonaje" ilibadilika. Basi huyo ndugu yetu anayesema "moyoni sikubaliani" anatupa kitu gani? Cha moyoni hakionekani na mtu. Kinachoonekana ni kicheko chake na kimya chake. Mtoto aliyekaa kwenye mkeka pembeni hasomi moyo wa baba. Anahesabu nani amecheka na nani amekataa, na kwa hesabu hiyo anajua katika nyumba hii kipi kinakubalika.

NA HAO WA PILI

Sasa waje wanaosema: ikiwa ndivyo, basi aliyetenda hana lawama, mazingira ndiyo yaliyotenda.

Huku ni kuisoma sayansi nusu. Asch huyo huyo alipomweka mtu mmoja tu wa kusema ukweli ndani ya kikundi, wanaofuata uongo walipungua mno. Stanley Milgram, katika majaribio aliyoyaanza mwaka 1961, aliwaamuru watu wampe mwenzao mishtuko ya umeme (haikuwa ya kweli, lakini wao hawakujua). Katika jaribio lake maarufu, watu 26 kati ya 40 walifika mpaka mwisho. Lakini pale walipowaona wenzao wawili wakigoma, waliofika mwisho walikuwa 4 tu kati ya 40. Amri ilikuwa ile ile. Kilichoongezeka ni watu wawili waliosema: hatuendelei.

Kwa hiyo sayansi hii haimvui mtu dhamana, inamzidishia. Inamwambia kuwa uamuzi wake una uzito katika uamuzi wa jirani yake. Na ndivyo sheria ilivyoona. Mahakama ya Arusha mwaka 2003 iliwatia hatiani wenye maneno, watu wa RTLM na gazeti la Kangura. Na Gacaca, mpaka zilipofungwa mwaka 2012, zilimuuliza kila mtu juu ya tendo lake mwenyewe.

WAISLAMU WA RWANDA

Tunajua Waislamu wengi mwaka 1994 waliwaficha Watutsi majumbani na misikitini, na Biryogo na Nyamirambo zina mashahidi wa hilo. Ni fahari, na ni haki isemwe. Lakini tusiigeuze hirizi. Mhariri wa Kangura, Hassan Ngeze, alikuwa na jina la Kiislamu kama sisi, na mwaka 2007 mahakama ya rufaa ilimpa kifungo cha miaka 35. Wapo na Waislamu wengine walioshiriki. Jina peke yake halikumzuia mtu.

Kilichowasaidia waliosimama imara ni kwamba hawakuwa peke yao. Walikuwa jamaa walioishi pamoja tangu enzi za ukoloni katika kambi za Waswahili, walioowana bila kuulizana kabila, wanaosali safu moja, na waliosikia kwa viongozi wao kuwa damu ya jirani ni haramu. Aliyemficha mtu alijua nyumba ya pili nao wangefanya vivyo hivyo. Huo ndio ukuta, na ulijengwa miaka mingi kabla ya Aprili 1994, kwa maneno ya kila siku.

Leo ukuta huo unapigwa tena. Tangu vita vya mashariki mwa Kongo vipambe moto na Goma kutekwa Januari 2025, simu zetu zimepokea sauti na video za kuwatukana watu kwa asili zao, kutoka pande mbalimbali. Vijana wetu wanazituma "kwa utani tu".

TUFANYE NINI?

Kwanza, linapotamkwa neno la namna hiyo, likataliwe hapo hapo na mbele ya walewale waliolisikia. Kumwendea msemaji faraghani kesho yake ni vizuri, lakini watoto waliosikia hawatakuwepo.

Pili, tusijifiche nyuma ya adabu. Tunaambiwa mkubwa hajibiwi. Lakini mkubwa huzungumzwa kwa heshima: "Mzee wangu, samahani, neno hilo humu ndani hatulitumii." Hakuna utovu wa adabu hapo. Nabii Ibrahim alayhis salaam alisema na baba yake kwa upole, na wala hakumfuata.

Tatu, katika makundi ya simu asiachwe mmoja kukataa peke yake. Akikataa mmoja, wa pili amuunge mkono mara moja. Tumeona wawili wanaweza nini.

Nne, walimu wa madrasa wawazoeze watoto kusema "sikubaliani" na kutoa sababu. Mtoto aliyefundishwa kuitikia tu, ataitikia na siku atakapoitwa kwenye uovu.

Qur'ani imewakemea waliotoa udhuru kuwa waliwakuta baba zao katika njia hiyo nao wakaifuata. Udhuru wa kuwa wenzetu wote walicheka ni ndugu wa udhuru ule. Nyumba zetu zisiutumie.

Tunamuomba Allah azithibitishe ndimi zetu juu ya haki, na azihifadhi nyumba zetu na majirani zetu wote. Amin.

Wabillahi tawfiq.