Kukandwa Pekee Hakutoshi

Mafundi wa cherehani, makarani na wasukuma mikokoteni wengi huumwa na misuli kwa kurudia kazi ile ile kutwa. Wengi wao hukimbilia kukandwa. Mimi sipingi. Mikono ya mtu aliyefunzwa kazi hiyo hulegeza misuli iliyokaza na kupunguza maumivu kwa muda. Wanariadha wetu wa Iten wanalijua hilo, lakini wao hupumzika pia. Fundi anayekandwa Jumapili, kisha Jumatatu akainamia cherehani mpaka usiku, anapoteza fedha zake. Msuli uliochoka hutaka kupunguziwa kazi, halafu uimarishwe kwa mazoezi, kidogo kidogo. Waajiri nao wawape wafanyakazi nafasi ya kusimama na kujinyoosha.

Tena jihadharini. Shavu la mguu mmoja likivimba, likawa na joto na kuuma, msikubali likandwe. Huenda damu imeganda ndani ya mshipa, na bonge hilo likibanduka laweza kufika mapafuni na kuua. Hapo msimtafute mkandaji. Nendeni hospitali siku hiyo hiyo.