Menyu ya simu isimfungie nje mkulima

ASUBUHI katika mitaa ya Kiwalani, jijini Dar es Salaam, akina mama hupanga mafungu ya mchicha, nyanya na dagaa pembeni mwa barabara. Wateja wengi hulipa kwa simu, na mzigo kutoka soko la Buguruni nao hulipiwa kwa simu. Hata hivyo, si ajabu kumwona mama wa makamo akimkabidhi kijana wa jirani simu yake pamoja na namba ya siri: "Mwanangu, hebu nitumie, mimi haya maandishi siyaoni."

Mama huyo si mjinga. Hesabu ya faida na hasara anaijua kichwani. Kinachomshinda ni menyu yenye maandishi madogo, maneno ya kibenki na orodha inayokatika kabla hajamaliza kuisoma. Namba ya siri ikishajulikana kwa mtu wa pili si siri tena, na mtaji wa wiki nzima umo mikononi mwa mwingine.

Ikumbukwe kuwa huduma hizi zilienea kwa sababu ya urahisi. M-Pesa ilipoanza nchini mwaka 2008, mwaka mmoja baada ya Kenya, ilitumia simu ya kawaida ya vitufe, bila intaneti. Simu zenyewe zilibuniwa kwa kumfikiria mtumiaji. Nokia 1100, iliyotoka mwaka 2003, ilikuwa na tochi na vitufe vilivyozuia vumbi. Kinundu kilicho juu ya kitufe cha 5 humwongoza asiyeona.

Mfano mwingine ni Kenya, ambako mwaka 2015 Safaricom ilianzisha huduma ya Hakikisha, inayomwonyesha mtumaji jina la mpokeaji kabla fedha hazijaondoka. Hapa nchini pia jina huonekana. Ni mstari mmoja tu wa maandishi, lakini umeokoa fedha za wengi waliokosea tarakimu.

Leo menyu si ya kutumiana fedha tu. Tangu mwaka 2017, malipo ya Serikali yamekuwa yakihamia kwenye namba ya malipo yenye tarakimu 12. Kuanzia msimu wa 2022/23, mbolea ya ruzuku imetolewa kwa wakulima walioandikishwa katika mfumo wa kidijitali. Kwa hiyo asiyeweza kutumia mfumo anaweza kukosa mbolea, si salio tu.

Kiuchumi, hasara hiyo ina bei. Panapokuwa na menyu isiyoeleweka hapakosi mtu wa kati wa kuitafsiri, naye hafanyi bure. Faida ya teknolojia, iliyotarajiwa kumpunguzia mkulima nauli na usumbufu, huishia mfukoni mwa mwingine.

Wapo wanaosema dawa ni kuelimisha wananchi. Elimu ni lazima, lakini macho ya uzeeni hayafundishiki. Tena marekebisho mengi si ya gharama kubwa. Tarakimu 12 zikiandikwa nne nne husomeka kirahisi. Neno "tuma" linatosha badala ya "fanya muamala". Huduma inayotumika zaidi iwe namba 1, isifichwe kwenye ukurasa wa tatu. Na kwa asiyesoma au asiyeona, iwepo sauti ya Kiswahili.

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ipo tangu mwaka 2010. Benki Kuu na TCRA hazina budi kuhakikisha kuwa kabla mfumo wowote haujaanza kutumika, unajaribiwa na watu halisi: muuza mchicha wa Kiwalani, mzee mwenye macho hafifu, mkulima aliyeishia darasa la tatu. Wakishindwa wao, mfumo ndio ulioshindwa, urudi kwa fundi.

Wakati hayo yakisubiriwa, mfanyabiashara asimpe mtu namba yake ya siri, hata kama ni wakala anayemwamini. Asome jina la mpokeaji kabla ya kuthibitisha, na akikosea apige simu huduma kwa wateja papo hapo.

Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Wanaobuni menyu hizi wakiwa ofisini wafike Kiwalani, wakae kwenye benchi la muuza mboga kwa asubuhi moja. Kunguni watawaona wenyewe.