Mtoto Aliyepotea Akae Alipo

Miongoni mwa mambo ambayo shule huyaachia nyumbani, na nyumbani nako huyaachia shule, limo hili: mtoto afanye nini anapojikuta peke yake porini, hawaoni wenzake wala njia aliyojia. Matokeo yake ni kwamba jambo hilo halifundishwi popote. Mtoto hubaki na silika yake, na silika humshauri neno moja tu, yaani aende, tena aende mbio. Mwalimu wa sayansi anao uwezo wa kuonyesha kwa nini ushauri huo ni mbaya, na anaweza kufanya hivyo kwa hisabati na fizikia ambazo tayari zimo katika mihtasari ya masomo.

Kisa kinachotajwa mara nyingi kuitetea silika hiyo ni cha Donn Fendler. Tarehe 17 Julai 1939, kijana huyo wa miaka 12 alikuwa akipanda Mlima Katahdin, katika jimbo la Maine nchini Marekani, pamoja na baba yake, ndugu zake na marafiki. Mlima huo una kimo cha mita 1,600 na kidogo, haufikii hata theluthi moja ya Kilimanjaro. Lakini kilele chake ni mawe matupu, na hali ya hewa huko hugeuka ghafla. Fendler na mwenziwe mmoja waliwatangulia wengine kufika juu. Ukungu ukatanda, upepo wa baridi ukavuma. Fendler, akitetemeka, aliamua kurudi peke yake kumfuata baba yake. Mwenziwe alibaki kileleni akiwangoja wengine, naye alifika chini salama.

Fendler aliikosa njia ndani ya ukungu ule. Kwa siku 9 alitangatanga msituni. Viatu vilimpotea, kisha na suruali; usubi na mbu walimla mwili mzima; alikula matunda madogo ya mwitu na kulala chini ya miti. Akikumbuka mafunzo yake ya skauti alifuata kijito, na baadaye waya wa simu, hata tarehe 25 Julai akatokea ukingoni mwa tawi la Mto Penobscot, makumi ya kilomita kutoka mahali alipopotelea, akaonwa na mwenye kambi iliyokuwa ng'ambo. Uzito wake ulikuwa umepungua kwa kilo 7 hivi. Rais Roosevelt alimtunukia nishani. Kitabu cha mkasa wake kilichapishwa mwaka ule ule wa 1939, na vizazi vya wanafunzi wa Maine vimekisoma. Mwenyewe aliishi hadi mwaka 2016, akafariki akiwa na umri wa miaka 90.

Ushujaa wa kijana huyo hauna ubishi. Hata hivyo, ushujaa ni jambo moja, na busara ya njia iliyotumika ni jambo jingine. Mamia ya watu, wenye mbwa wa kunusa, walikuwa wakiuchakura mlima uleule alioupanda, naye kila siku alizidi kujitenga nao. Aidha, waliofuata vijito wakafa hawakuandika vitabu. Anayejifunza kutoka kwa walionusurika peke yao hufanana na mkulima anayepima ubora wa mbegu kwa kuhesabu zilizoota tu.

Kuhusu ushauri huo wa kufuata kijito, ambao hata wanaskauti wa siku hizi huupenda, yafaa isemwe wazi kwamba una kasoro. Maji hayatafuti makazi ya watu. Hutafuta mahali pa chini. Vijito vya Uluguru na Usambara vinajulikana kwa maporomoko yake, na mtoto mwenye njaa na uchovu si mtu wa kuteremka genge lililolowa. Tena mlio wa maji humziba masikio: huitwa asisikie, naye huita asisikike.

Sasa ichukuliwe hesabu. Tuseme mtoto ametoweka, na anaweza kutembea kilomita 2 kwa saa kuelekea upande wowote. Baada ya saa 1 yumo mahali fulani ndani ya duara yenye nusukipenyo cha kilomita 2. Eneo lake ni kilomita za mraba 12.6 hivi. Baada ya saa 2 eneo hilo ni 50. Baada ya saa 3 ni 113. Baada ya saa 6 limefika 452. Muda ukizidishwa mara mbili, eneo huzidi mara nne. Mwanafunzi ajuaye kanuni ya eneo la duara ataliona hilo mara moja, wala hahitaji kuambiwa na mtaalamu.

Ichukuliwe pia kwamba kila mtafutaji anaweza kukagua barabara ukanda wenye upana wa mita 10 huku akienda kilomita 1 kwa saa, jambo ambalo katika kichaka kizito ni matumaini makubwa. Watu 100 waliojipanga mstari watamaliza kilomita 1 ya mraba kwa saa. Mtoto aliyeketi baada ya saa 1 ya kutembea yumo katika eneo ambalo watu hao watalimaliza kwa saa 13 hivi. Aliyetembea saa 6 yumo katika eneo litakalowachukua saa 452, yaani karibu siku 19 pasipo kulala wala kula. Tofauti ya hesabu hizo mbili ndiyo tofauti ya mtoto kurudi nyumbani na kutorudi.

Lipo na jambo la pili, ambalo si rahisi kuliona. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, mwanahisabati Bernard Koopman na wenzake walilifanyia jeshi la majini la Marekani uchunguzi wa namna ya kusaka nyambizi. Hapo ndipo ilipozaliwa nadharia ya utafutaji, ambayo leo hutumika pia kuwatafuta watu waliopotea. Kitu kilichotulia kina fadhila moja: pakishakaguliwa mahali pasipate kuonekana, uwezekano wa kuwapo kwake hapo hupungua, na juhudi zinaweza kuelekezwa kwingine. Kitu kinachosogea hukiuka utaratibu huo. Mtoto anaweza kuingia leo katika bonde lililokaguliwa jana, na hapana atakayerudi kulitazama.

Huenda mwanafunzi mwerevu akauliza: kama mtoto anajua kwamba njia iko kaskazini, kwa nini asiende kaskazini moja kwa moja? Jibu ni kwamba hawezi. Mwaka 2009 Jan Souman na wenzake, wa taasisi ya Max Planck huko Tübingen, Ujerumani, walichapisha matokeo ya majaribio ambamo watu wazima, wenye akili zao timamu, walitakiwa waende moja kwa moja katika msitu wa Ujerumani na katika jangwa la Sahara upande wa Tunisia. Walioliona jua waliweza. Waliotembea msituni chini ya mawingu walizunguka, na baadhi yao walikata njia yao wenyewe pasipo kujua. Waliofungwa vitambaa machoni walifanya duara ndogo, pengine zenye kipenyo cha mita 20 tu. Dhana ya zamani kwamba mguu mmoja una nguvu kuliko mwingine haikuthibitika. Inaelekea kuwa makosa madogo madogo ya hisia ya mwelekeo hujikusanya hatua baada ya hatua. Mwalimu anaweza kulirudia jaribio la vitambaa katika uwanja wa mpira, kwa wanafunzi watatu na kamba ya kupimia.

Kuna hatari nyingine ambayo hupuuzwa kwa kudhani kuwa ni ya nchi za theluji: baridi. Watu wa Makete wanaijua vizuri jalidi ya Juni na Julai katika uwanda wa Kitulo, na kila aliyepanda mlima mrefu ameonja usiku wake. Mtoto hupoa upesi kuliko mtu mzima, na sababu yake ni ya jiometri. Mchemraba wenye upande wa sentimeta 1 una eneo la nje la 6 kwa ujazo wa 1. Wenye upande wa sentimeta 2 una eneo la 24 kwa ujazo wa 8, yaani 3 kwa 1. Kitu kidogo kina ngozi nyingi kwa kila kilo ya mwili, na joto hupotelea kwenye ngozi. Nguo zikilowa hali huwa mbaya zaidi, kwa maana maji hupitisha joto zaidi ya mara 20 kuliko hewa. Joto la ndani ya mwili likishuka chini ya digrii 35 za Selsiasi, fikra huanza kuvurugika, na mtoto aliyekuwa na busara asubuhi hana busara jioni. Kwa hiyo karatasi ya nailoni, ya kujifunika mvua na kukalia, si mzigo wa bure. Wala si filimbi: kuita kwa sauti huchosha koo kwa muda mfupi, ilhali filimbi inaweza kupulizwa usiku kucha.

Mafunzo haya hayakupatikana kwa raha. Tarehe 14 Juni 1969, katika milima ya Great Smoky nchini Marekani, mtoto ambaye alikuwa karibu kutimiza miaka 7 alijificha kichakani na wenzake ili wawashtue wazazi wao kwa mzaha. Wenzake wakajitokeza, yeye hakujitokeza. Baba yake alianza kumtafuta baada ya dakika chache tu. Usiku huo mvua kubwa ilinyesha. Watafutaji waliongezeka siku hadi siku wakafika 1,400, wakiwamo askari wa jeshi, na mtoto huyo hajaonekana hadi leo. Waliochunguza baadaye msako huo waliona kwamba wingi wa watu wenyewe ulikuwa sehemu ya tatizo, kwa kuwa nyayo za mtoto zilikanyagwa na maelfu ya nyayo za wakubwa. Kijiji chochote kinachokurupuka chote pamoja kumtafuta mtoto chafaa kulikumbuka hilo: kwanza wapelekwe wachache wenye macho ya kusoma nyayo.

Mwaka 1981, katika Mlima Palomar huko California, mtoto wa miaka 9 alipotea akiwa na jamaa zake, akakutwa amekufa kwa baridi. Mmoja wa waliomtafuta, Ab Taylor, bingwa wa kusoma nyayo, alishirikiana na wenzake kuanzisha mafunzo ya shuleni ambayo jina lake lina maana ya "kumbatia mti". Mtoto hufundishwa kuchagua mti mmoja, auegemee, azungumze nao akipenda, wala asiuache. Wapo watakaocheka. Lakini mti hapo unafanya kazi ya nanga, na mtoto mwenye mahali pake hupungukiwa na woga.

Mafunzo hayo yanasisitiza neno moja linalowahusu wazazi zaidi kuliko watoto, nalo ni kwamba mtoto aambiwe mapema hatapigwa kwa kupotea. Mwaka 2005, huko Utah, mvulana wa miaka 11 alikaa siku 4 milimani akiwakwepa watafutaji, kwa sababu, kama wazazi wake walivyoeleza, alikuwa amefunzwa asizungumze na wageni. Katika nyumba ngapi mtoto huambiwa, "Ukipotea utakiona"? Na ni wangapi waliolelewa kwa hadithi za zimwi linaloiga sauti ya mama na kumwita mtoto kwa jina lake? Hadithi hizo zina utamu wake, wala hapana haja ya kuzitupa. Ila mtoto ajue kwamba mtu anayeliita jina lake porini, akiwa na kurunzi na kilemba cha askari, ni wa kuitikiwa.

Pingamizi moja lina uzito. Kukaa mahali pamoja kunafaa iwapo yupo anayejua kwamba mtoto hayupo. Mchunga mbuzi ambaye hakumwambia mtu aendako, na ambaye kwao humtazamia magharibi, anaweza kuketi chini ya mti siku nzima pasipo hata mmoja kuanza kumtafuta. Wajibu wa kwanza basi ni wa wakubwa: ijulikane mtoto ameelekea wapi, amevaa nini, atarudi saa ngapi. Katika matembezi, mkubwa mmoja awe nyuma ya wote, na watoto wahesabiwe katika kila njia panda.

Mwishoni mwa mwaka 2024, nchini Zimbabwe, mtoto ambaye hajatimiza miaka 10 alipotea kutoka kijijini kwao akaingia katika hifadhi ya Matusadona, penye simba na tembo, akakaa huko siku 5. Alikula matunda ya porini na kuchimba kwa kijiti katika mchanga wa mto uliokauka ili apate maji, maarifa ambayo aliyapata kwao. Wanakijiji walipiga ngoma kila usiku ili sauti imwelekeze. Gari la askari wa hifadhi lilipita karibu naye. Aliposikia mlio wake alilikimbilia, lakini likampita. Askari waliporudi kwa njia ileile waliona mchangani nyayo ndogo, mbichi bado, wakashuka na kuzifuata kwa miguu mpaka wakamfikia.