GEMU ZA MAGARI NA ZA BUNDUKI: SIMU SIO YAYA

Mama zangu, dada zangu, na kina baba mnaosoma kimya kimya bila kulaiki! Inbox imejaa swali moja: "Nesi, hizi gemu za mbio za magari na za kuuana zina madhara? Mtoto haachi simu." Haya, leo naandika sehemu tano. Nitasema wazi, atakayenuna anune.

1/5: KELELE HAZILEI

Siko kwenye kundi la wanaosema gemu zote ni za shetani. Kelele hizo ni za zamani mno. Mwaka 1976 huko Marekani ilitoka mashine ya gemu inaitwa Death Race. Unaendesha gari, unagonga vijitu vinavyokimbia, kila ukigonga kinageuka msalaba wa kaburi na wewe unapata pointi. Watu wakaja juu. Karibu miaka 50 imepita, kelele ni zile zile, na gemu ndio zimezidi.

Ukimwambia mtoto zote ni mbaya, hakuamini, maana ameshacheza nyingine akaona hazina neno. Chukua Gran Turismo, ya 1997. Humo kuna mitihani ya leseni: kufunga breki, kukata kona, na ukifeli unarudia, la sivyo kuna mashindano huyaingii. Jamani, gemu inadai leseni, halafu sisi tunamkabidhi mtoto wa darasa la sita pikipiki akachote maji! Akiletwa wodini mguu umevunjika, eti gemu zimemharibu. Kwani ufunguo alipewa na gemu?

2/5: UMRI

Sasa twende vibandani. TV moja, PS2 ya zamani, benchi, watoto wamebanana, kila mtu na mia mbili yake. Inachezwa GTA San Andreas, ya 2004. Unaiba magari, unagonga wapita njia, unaua polisi, unafanya kazi za magenge. Imetengenezwa kwa ufundi, sibishi. Lakini Ulaya boksi lake limeandikwa 18. Marekani waliipa 17, na 2005 ilipogundulika kuna sehemu ya ngono imefichwa ndani, wakaipandisha iwe ya watu wazima tu na maduka makubwa yakaiondoa. Kwa hiyo msiseme ni ushamba wa nesi wa Mpapura. Huko huko ilikouzwa walikataa isiguswe na watoto.

Na sisi watu wa Kusini hili la umri nani atufundishe? Kuna maneno mtoto wa kiume haambiwi mpaka apite jandoni, na wa kike mpaka unyagoni. Kila jambo na rika lake. Mtoto wa miaka minane akikaribia mkeka wa wakubwa unamfukuza, "nenda kacheze huko." Anaenda kucheza huko, na huko ndio anayakuta yote uliyomfukuzia. CD ni ya kuchoma, haina boksi, hiyo 18 nani ataiona?

3/5: MWISHO

Hapa ndipo za zamani zinazishinda za sasa. Contra ya 1987, maisha yako yakiisha unampa mwenzio naye acheze. Need for Speed, ukifika mstari wa mwisho mbio zimekwisha. Kibandani mia mbili ikiisha unatoka nje, upende usipende.

Njoo kwenye simu. Subway Surfers ya 2012: kijana anakimbia relini, na reli haina stesheni. Huwezi kumaliza, unaweza kuanguka tu na kuanza upya. Hill Climb Racing, ya mwaka huo huo: kigari kinapanda milima, mafuta yanaisha, tangazo, unaanza tena. Imepangwa hivyo makusudi, maana muda wa mwanao ndio hela yao. Basi ukimpokonya simu akajigaragaza, usikimbilie kusema ana pepo. Umemkatiza mchezo usio na pa kuishia.

Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 liliuweka uraibu wa gemu kwenye orodha ya magonjwa. Dalili: hawezi kujizuia, gemu inatangulia kila kitu, na anaendelea hata ikimharibia shule na maisha. Kwa kawaida hali hiyo iwe imedumu miezi 12. Kwa hiyo mtoto aliyecheza sana likizo moja usimpachike jina la mraibu.

4/5: HELA

Free Fire, ya 2017. Watu 50 wanashushwa kisiwani, wanauana mpaka abaki mmoja. Kupakua ni bure, ndio maana imejaa kwenye simu zetu. Lakini ndani zinauzwa almasi, kwa hela ya kweli, za kununulia nguo na marembo ya bunduki. Asiyenunua anachekwa na wenzake. Na humo humo mwanao anaongea kwa sauti na watu usiowajua.

Sasa fikiria msimu wa korosho. Hela imeingia kwenye simu, na namba ya siri mtoto anaijua, kwa sababu ni yeye unayemtuma akusaidie kutoa. Bure hiyo itakugharimu, dada.

5/5: TUFANYE NINI

👉🏾 Chini ya miaka miwili, hakuna kioo kabisa. Miwili hadi minne, isizidi saa moja kwa siku, na ikipungua ni bora. Huo ni mwongozo wa Shirika la Afya Duniani. Simu ya kumnyamazishia wakati wa kula, acha.

👉🏾 Usiku simu inalala kwako. Mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji usingizi wa saa 9 hadi 12.

👉🏾 Badilisha namba ya siri. Leo, sio kesho.

👉🏾 Nendeni kibandani wamama watatu wanne, kwa heshima. Yule kijana anatafuta riziki, msimfukuze. Mwambieni mchana waweke mpira na magari, GTA wacheze wakubwa usiku, na muda wa shule asiingize mwenye yunifomu.

👉🏾 Mwanga wa kumulika-mulika unaweza kuamsha kifafa kwa baadhi ya watoto. Akipata degedege, mlaze ubavu, usimtie kijiko mdomoni, mlete hospitali haraka.

👉🏾 Mwache atoke. Ringi ya baiskeli na kijiti, gari la maboksi, kombolela. Watoto wanaocheza sana nje mchana wana nafuu hata kwenye macho, kutoona vitu vya mbali kunawapata wachache zaidi.

China mwaka 2021 serikali iliamuru watoto wacheze gemu za mtandaoni saa moja tu jioni, Ijumaa, Jumamosi, Jumapili na sikukuu. Nyumbani kwako hakuna serikali ya kukusaidia kumpokonya mtoto simu. Sheria ni wewe, mama, na baba yake asijifiche nyuma ya gazeti.

Wenye hoja ya kunipinga, uwanja huo hapo chini. Ila kabla hujaandika, nenda kwanza kaangalie mwanao anacheza nini sasa hivi. Mshee mwenzio mwenye watoto. 🙏🏾