Mkataba wa Wyll na shetani

Kama una kijana anayependa michezo ya kompyuta, huenda umemsikia akimtaja Wyll. Huyu ni mhusika katika Baldur's Gate 3, mchezo uliotolewa mwaka wa 2023 na kampuni ya Larian ya Ubelgiji.

Akiwa na miaka 17, Wyll alifunga mkataba na Mizora, shetani wa kike, ili apate nguvu za kuuokoa mji wake. Mji ulipona. Lakini mkataba ulimkataza kusimulia siri hiyo, na babake, asiyejua kisa, akamfukuza. Baadaye Wyll anaamriwa amuue Karlach. Akimhurumia, anaadhibiwa kwa kuoteshwa pembe.

Je, alikosea? Wengine watasema ni shujaa, kwani alitoa nafsi moja kuokoa maelfu. Mimi simlaumu kwa hilo. Ninachokiogopa ni kile kifungu cha kunyamaza. Kukopa harusi, kulipa matanga. Na matanga ya peke yako ni machungu zaidi.

Kijana, ukiambiwa "usimwambie baba", usitie sahihi. Nawe mzazi, jiulize: mwanao akikwama, atathubutu kukueleza kabla hujamfukuza?