Uraia wa Mshindi na Uraia wa Mwanakijiji

Septemba 2025, Kigali ilipoandaa mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, ya kwanza kufanyika katika ardhi ya Afrika, wanafunzi wangu hapa Mwanza walizua mjadala ambao sikuwa nimeupanga. Mmoja alisema Afrika Mashariki imekwisha kumtoa bingwa wa Tour de France mara nne, kwa hiyo tusijione wageni katika mchezo huo. Mwenzake akamkata kauli: "Huyo ni Mwingereza!" Kipindi kikaisha bila mwafaka. Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza kwa nini swali la nani ni wa kwetu huulizwa baada ya kombe kunyanyuliwa, na kwa nadra sana kabla yake.

Aliyekuwa akizungumziwa ni Chris Froome. Alizaliwa Nairobi mwaka 1985 na wazazi wenye asili ya Uingereza. Alijifunza mbio za baiskeli katika barabara za Kikuyu, nje ya jiji hilo, chini ya David Kinjah, mwendesha baiskeli aliyefungua nyumba yake kwa vijana wa kijijini. Mwaka 2006 aliiwakilisha Kenya katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Melbourne. Mwaka huohuo alitaka kushiriki mashindano ya dunia ya vijana huko Salzburg, na yeye mwenyewe amesimulia jinsi alivyoingia katika barua pepe ya kiongozi wa chama cha baiskeli na kujiandikisha kwa jina la kiongozi huyo. Mwaka 2008 akahamia leseni ya Uingereza. Ushindi wa 2013, 2015, 2016 na 2017 ukaenda London.

Wapo wanaoita hatua hiyo usaliti. Mimi siwezi. Kijana anayelazimika kughushi barua ili aitumikie bendera ya nchi tayari ameonyesha utii mkubwa kuliko ule ambao bendera hiyo imemwonyesha yeye. Hata hivyo sitaki kumfanya Froome shujaa wa kisa hiki. Yeye alikuwa na mlango wa pili, mlango wa ukoo wake. Kinjah hakuwa nao. Aliwahi kuendesha kwa timu ya kulipwa ya Italia, akarudi Kikuyu, akaendelea kuwafundisha watoto kukaza spoku. Barabara ilikuwa moja, na jasho halikuwa na rangi, lakini mmoja alizaliwa na hati za kumvusha na mwingine hakuzaliwa nazo.

Turudi huku ziwani. Hakuna anayehitaji kuambiwa kwamba Usukumani baiskeli ni mguu wa tatu wa mtu. Tazama barabara ya Magu alfajiri: mkaa, madumu ya maziwa, samaki, mgonjwa aliyefungwa kwa kitenge nyuma ya dereva. Shinyanga na Kahama baiskeli ya abiria iliitwa daladala. Mbio za hapa Mwanza zimewahi kuwakusanya wanaume, wanawake na watu wenye ulemavu, wengi wao wakikanyaga baiskeli zilezile zinazobebea mizigo. Mapafu tunayo, na miguu tunayo.

Sasa chukulia kwamba binti wa Magu ameonekana, akachukuliwa na timu ya Ubelgiji, akaishi huko miaka kumi. Kazi yake ni kuvuka mipaka kila wiki. Visa zinamchosha, nao Wabelgiji wanampa pasipoti. Siku atakapoipokea kwa hiari yake akiwa mtu mzima, Sheria yetu ya Uraia ya mwaka 1995 inamvua Utanzania. Mama yake akifariki, atakuja Magu kuzika akiwa mgeni. Akishinda, magazeti yetu yatamwita "Mtanzania". Tumezoea hivyo: Yussuf Poulsen, mshambuliaji wa Denmark ambaye baba yake alitoka Tanga, huitwa wa kwetu kila anapofunga bao.

Mwanzoni mwa 2025 Idara ya Uhamiaji ilithibitisha kwamba wachezaji watatu wa Singida Black Stars, kutoka Ghana, Ivory Coast na Guinea, walikuwa wamepewa uraia wa tajnisi. Sina kinyongo na vijana hao, waliomba, wakapewa. Ninachouliza ni kwa nini dola inayoweza kuwa na mkono mwepesi kiasi hicho kwa mguu wa mpira ina mkono mzito kwa watu wengine. Mwaka 2013, katika Operesheni Kimbunga, watu walioishi Kagera, Geita na Kigoma kwa miongo kadhaa waliondolewa nchini kama wahamiaji haramu, na wamo waliolia kwamba hawakujua nyumbani kwingine. Mvuvi wa kisiwani hudaiwa cheti cha babu yake. Mfungaji wa mabao hadaiwi.

Watetezi wa sheria ya sasa husema uraia pacha utahatarisha usalama na kugawanya utii. Ziwa hili lina mataifa matatu. Kenya, kwa Katiba yake ya 2010, inaruhusu uraia pacha. Uganda nayo inaruhusu. Sijasikia kwamba Kisumu au Entebbe zimetekwa na wenye pasipoti mbili. Hofu nyingine ina uzito zaidi: mataifa tajiri kununua wanamichezo, kama Qatar ilipomchukua Mkenya Stephen Cherono, ambaye mwaka 2003 aliishindia dhahabu ya dunia kwa jina la Saif Saaeed Shaheen. Lakini dawa ya biashara hiyo imo ndani ya michezo yenyewe. Shirikisho la riadha la dunia lilisimamisha uhamisho wa namna hiyo mwaka 2017, kisha likaurudisha kwa masharti ya kusubiri miaka mitatu. Hakuna sababu ya kumwadhibu binti wa Magu kwa kosa la Doha.

Anayetaka kujua jinsi bendera inavyombakiza mtu amwangalie Biniam Girmay. Mwaka 2024 alitwaa jezi ya kijani ya Tour de France akiwa katika timu ya Ubelgiji, naye ni Mweritrea. Eritrea, nchi ambayo hakuna atakayeisifu kwa uhuru wa raia wake, ilikuwa na mbio, vilabu na watazamaji barabarani kabla jina lake halijajulikana Ulaya.

Serikali yetu imechagua njia ya "hadhi maalum" kwa Watanzania wa asili waliochukua uraia wa nje. Ni afueni katika viza na ardhi, lakini bado inamwita mtoto wa nyumbani mgeni mwenye kibali, naye kwa kibali hicho hawezi kuvaa jezi ya taifa. Kinachotakiwa ni Bunge kurekebisha sheria ya 1995 ili raia wa kuzaliwa asipoteze uraia wake kwa kupokea mwingine. Na rekebisho hilo limhusu mpishi wa hotelini Muscat na muuguzi wa Leeds sawasawa na bingwa wa baiskeli, bila kumuuliza yeyote ameleta medali gani.