Utafiti wa Kuomba Haulikomboi Taifa

Mama wa kata ya Daa, wilayani Karatu, anapompeleka zahanati mtoto mwenye homa, tone moja la damu hutiwa katika kipimo kidogo cha plastiki. Baada ya kitambo kifupi mstari mwekundu hutoa hukumu: malaria ipo au haipo. Aghalabu wekundu ule ni chembe za dhahabu zinazopimwa kwa nanomita, yaani sehemu moja ya milioni ya milimita. Elimu ya nano, basi, imekwisha kufika kijijini. Ambayo haijafika ni mamlaka juu yake, kwani vipimo vingi vya namna hiyo vimetoka viwanda vya India na Korea Kusini.

Hata hivyo wapo wenye kasumba ambao, kila litajwapo fungu la kuwasomesha Watanzania shahada ya uzamivu katika elimu hiyo, hupiga kelele kwamba ni anasa. Taifa lenye upungufu wa madawati, wanadai, halihitaji madaktari wa vitu visivyoonekana. Hoja hiyo imevaa joho la kumhurumia mnyonge, lakini kwa hakika inamhukumu kuwa mteja wa milele.

Jibu lao liko Karatu hiyo hiyo. Dakta Askwar Hilonga alikulia kijiji cha Gongali, akiyajua magonjwa ya maji machafu. Alipata uzamivu katika Chuo Kikuu cha Hanyang, Korea Kusini. Akiwa mwalimu wa Taasisi ya Nelson Mandela, Arusha, alibuni kichujio cha mchanga na chembe za nano, kinachoweza kurekebishwa kulingana na maji ya mahali, hata kuondoa floridi inayoyatia meno ya watoto rangi ya kahawia. Mwaka 2015 Akademia ya Kifalme ya Uhandisi ya Uingereza ilimtunuku pauni 25,000. Shahada ilitoka Korea, tuzo Uingereza. Cha Tanzania kilikuwa tatizo, na kijana mwenyewe.

Anayetoa fedha ndiye anayechagua swali. Mfadhili wa Ulaya atalipia kifaa cha hospitali yenye umeme usiokatika. Homa ya brusela, itokayo kwa mifugo na maziwa mabichi, ambayo mara nyingi hudhaniwa kuwa malaria, inamkabili mfugaji wa Ngorongoro. Haimnyimi usingizi mfadhili huyo.

Ahadi hazikukosekana. Mpango wa Lagos wa mwaka 1980, kisha wakuu wa Afrika huko Khartoum mwaka 2006, walilenga asilimia 1 ya pato la taifa iende kwenye utafiti. Chombo nacho kipo: Tume ya Sayansi na Teknolojia iliundwa kwa sheria ya mwaka 1986. Hapana budi sasa pawe na fungu la kudumu la uzamivu, si makombo ya bajeti. Nalo liwe na masharti: swali litoke wilayani, kifaa kifanye kazi katika zahanati isiyo na umeme, na matokeo yarudishwe kijijini kwa Kiswahili.

Mwalimu wa sayansi anayemwambia mwanafunzi wa Karatu asome kwa bidii anatoa ahadi kwa niaba ya Taifa. Watumishi wanaopanga mafungu wasimfanye mwongo. Mtegemea cha nduguye hufa maskini. Mtegemea utafiti wa mgeni hufa na homa isiyojulikana jina.